Mkaguzi Kutoka Tanga

Kwenye chai ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema kwamba Madam Nduku ndiye aliyekiingiza kituo chetu kwenye mtandao wa hali ya hewa wa dunia. Mlipiga makofi, nami nikanyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imeisha, niseme ukweli. Walioifanya kazi hiyo ni mzee mmoja wa Kibera na mama mmoja wa Tanga. Mimi nilikuwa katikati yao nikipiga chapa. Wale wawili si watu wa kuandika mambo yao, kwa hiyo naandika mimi. Habari za vyeo nimeziruka. Zimo kwenye faili, na faili limo kwenye lile kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla hamjazaliwa.

Nilifika pale kutoka Machakos nikiwa msichana mwenye cheti kimoja na viatu vya dada yangu, vilivyonibana. Nilipelekwa chumba cha meseji. Ndani kulikuwa na teleprinta nne zikipiga kelele kama mashine za kusaga posho, na katikati ya kelele hiyo alikaa mtu mrefu, kofia nyeupe kichwani, akinywa chai kana kwamba yuko kwake. Huyo ndiye Mzee Khamis. Alikuwa Mnubi, babu yake askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan, na kila wiki alitukumbusha kwamba Kibera ni neno la Kinubi, maana yake msitu, na kwamba yeye aliuona huo msitu kwa macho yake.

"Umekuja kutabiri mvua?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi umepotea njia. Watabiri wako juu, ndio wanavaa tai. Sisi huku chini hatutabiri. Tunabeba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Vituo vya nchi nzima vilipima joto, upepo na mawingu, vikatuletea vipimo vikiwa vimegeuzwa kuwa mafungu ya tarakimu tanotano. Sisi tulivikusanya na kuvisukuma nje kwa saa maalum, na nchi nyingine nazo zikasukuma vyao. Kila nchi inatoa, kila nchi inapata. Ukichelewa, ramani ya dunia inabaki na shimo mahali ulipo wewe.

Siku yangu ya tatu nilipiga moja mahali pa sifuri. Katika fungu la joto, tarakimu hiyo moja ndiyo inayosema kama joto liko juu ya kiwango cha kuganda au chini yake. Muda si muda, ujumbe ukaingia kutoka Ulaya, wa heshima kabisa, ukiuliza kama Garissa ni salama. Mzee Khamis aliusoma mara mbili, akaubandika ukutani.

"Nduku," akasema, "leo umewagandisha watu wa Garissa pamoja na ngamia wao."

Ujumbe ule ulikaa ukutani hadi karatasi ikageuka rangi ya chai. Tangu siku hiyo alinifundisha kusoma wawili: mmoja anasoma tarakimu kwa sauti, mwingine anapiga, kisha mnabadilishana. Kompyuta zilipokuja alikataa kuacha. Kompyuta yenyewe aliiita friji, kwa sababu ilinguruma na ndani hamkuwa na chakula.

Sasa niingie kwenye mambo ya ukaguzi. Miaka hiyo shirika la kimataifa la shughuli zetu lilikuwa linajenga mtandao mpya. Badala ya kila nchi kumpasia jirani, vingechaguliwa vituo vichache vya kukusanya data za kanda na kuzigawa kwa wote. Kituo hakikujichagua. Ulijaza fomu nene kama Biblia, kisha mkaguzi akaja kukaa nanyi siku kadhaa mfululizo, akitazama kama kila taarifa ya saa kuu inatoka bila kukosa. Sisi tuliomba. Mkubwa wetu akakubali ukaguzi ufanyike mwisho wa mwaka 2007, mara tu baada ya uchaguzi.

"Uchaguzi ni siku moja," alitwambia. "Watu wanapiga kura, wanarudi kazini."

Kisha yeye mwenyewe akaenda kwao kupiga kura. Barabara zikafungwa, na hatukumwona hadi Februari.

Mkaguzi akawa Bi Saumu, mama mfupi wa baibui jeusi, miwani ikining'inia kifuani, na kalamu za rangi tatu mkononi. Kijani ilikuwa ya ndiyo, nyekundu ya hapana, na bluu ya maelezo. Kiswahili chake kilitufanya tujione watu tusiosoma. Nilipomwambia kwamba printa moja imekufa, alishika kifua.

"Imekufa? Kwani ilikuwa na roho? Sema imeharibika, mwanangu."

Asubuhi ya kwanza alimkalisha Mzee Khamis na kumwuliza, "Je, mna mpango wa dharura?"

"Upo," akajibu Mzee.

"Uko wapi?"

"Ni mimi."

Bi Saumu alimtazama juu ya miwani, akachukua kalamu nyekundu. Mzee aliudhika, akaenda kuketi karibu na friji.

Jumapili matokeo yakatangazwa, na mnakumbuka vurugu zilizofuata, au mmesimuliwa. Ile nyumba ya wageni alimofikia Bi Saumu ilifunga mlango mchana huohuo. Mpishi alikimbia, na mwenye nyumba akawaomba wageni radhi na kuwatoa nje na mabegi yao. Nyumba pekee niliyoweza kumpeleka ni yangu, Kawangware, vyumba viwili nyuma ya kanisa moja la mabati. Mume wangu Mutua alifungua mlango akaona baibui na begi.

"Huyu ni mkaguzi," nikamwambia.

"Wa nini? Wa nyumba?"

"Wa data."

"Mwambie hapa hakuna," akasema, akampisha apite, akamtengea kiti chenye miguu yote minne.

Nilidhani ukaguzi umekwisha. Bi Saumu hakudhani hivyo. Alisema jaribio likishaanza halisimamishwi ila kituo chenyewe kikiomba kujiondoa, na kikijiondoa kinarudi mwisho wa foleni. Akaniuliza kama tunajiondoa. Nilimfikiria Mzee Khamis na kimo chake chote. Nikasema hatujiondoi.

Asubuhi tuliondoka kwa miguu. Kabla ya kufika barabara kubwa tukakuta mawe yamepangwa toka ukuta hadi ukuta, tairi likiwaka pembeni, na vijana kama kumi, wengine wakiwa na rungu na panga. Siku hizo walichotaka ni kitambulisho. Wakisoma jina lako wanajua kwenu, na wakijua kwenu wanajua la kukufanya. Kijana mmoja wa jaketi jekundu akatusogelea.

"Sasa, mathe?" akamsalimia Bi Saumu kivijana.

Bi Saumu akatazama saa yake. "Sasa ni saa mbili kasoro robo, mwanangu."

Mwenzake mwenye panga akaja. "We mathe, wewe ni kabila gani?"

"Mimi mtu wa Tanga. Hamjambo nyote? Poleni na kazi."

"Kazi gani?"

"Hiyo ya kupanga mawe. Naona yamepangika, mashallah."

Wakatazamana. "Tanga ni ya akina nani?" mmoja akauliza wenzake. "Hiyo iko side gani?"

"Tanga walipigia nani kura?" akauliza mwenye panga, safari hii kwa ukali.

"Hatukupiga, mwanangu," akasema Bi Saumu kwa masikitiko. "Hatukualikwa."

Wa jaketi jekundu ndiye aliyecheka kwanza. Akauliza tunaenda wapi. Nikasema tunaenda kituo cha hali ya hewa.

"Kwani leo kutanyesha?"

Miaka yote ile sikuwahi kutabiri chochote. Nikainua macho. Mbingu ilikuwa safi kama sahani. "Kutanyesha saa saba," nikasema. "Mvua kubwa. Afadhali mkae ndani."

Wakatupisha. Kesho yake tukawakuta palepale. "Mathe wa weather!" wa jaketi jekundu akaniita toka mbali. "Jana umetubeba mabwege! Tumengoja mvua mpaka jioni!"

"Utabiri ni uwezekano," akamjibu Bi Saumu, akampita akiwa amenyoosha shingo. Hawakutuuliza kabila tena, ila kila asubuhi nilitukanwa kwa sababu ya jua.

Kazini tulikuwa tumebaki wachache sana. Njoroge na Odhiambo, watu wa makabila mawili yaliyokuwa sasa yakipigana, waliokuwa wakifanya zamu pamoja kwa miaka, hawakuja. Njoroge alikuwa akihamisha dada zake, na Odhiambo hakuweza kutoka mtaani kwake. Mzee Khamis alikuja siku ya kwanza ya vurugu kwa miguu kutoka Kibera, akasema hatarudi kwake mpaka mambo yatulie. Mkewe na wajukuu alikuwa amewapeleka kwenye ua wa msikiti. Mkononi alibeba godoro jembamba, na kwapani kuku jike mwekundu.

Mahali pekee penye uzio mzima palikuwa uwanja wa vipimo, pale nje penye kipimamvua na kibanda cheupe cha vipimajoto. Akamwachia humo. Bi Saumu alipotoka kukagua uwanja, kuku alikuwa amepanda juu ya kibanda.

"Mzee Khamis, fomu inataka uwanja usio na wanyama. Huyo ni nani?"

"Mgeni."

"Fomu haina nafasi ya mgeni."

"Basi hata wewe huna nafasi," akasema Mzee.

Kalamu nyekundu ikafanya kazi.

Vituo vya mikoani sasa vilitupigia simu, maana njia nyingine zilikuwa zimekatika. Mpimaji mmoja wa Bonde la Ufa, mtu mcheshi ambaye kila mara alianza kwa kuniuliza habari za Mutua, siku hiyo hakuuliza. Alisoma tarakimu zake kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye umbali wa kuona, alinipa umbali mfupi sana.

"Ni ukungu?" nikamwuliza.

"Si ukungu, Madam. Ni moshi."

Moshi una nambari yake kwenye kitabu chetu: sifuri nne. Nilikifungua ingawa nilikijua kwa moyo. Kitabu kinatoa mifano ya moshi wa nyika, wa misitu, wa viwanda na wa volkano. Nyumba za watu hazimo. Nikapiga sifuri nne. Baadaye swali likaja kutoka ng'ambo, kwa heshima ileile ya Garissa: tafadhali hakikisheni, majira haya kituo hicho huwa hakiripoti moshi. Mzee Khamis akaja akasimama nyuma yangu, akaniambia niandike neno moja tu, kwamba imethibitishwa. Nikaandika.

Saa ya vipimo vyetu wenyewe ikafika, Mzee akatoka kwenda uwanjani kama kawaida. Ukisimama pale unaona Kibera upande mmoja na Kawangware upande mwingine. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi, akakaa, akanisomea fungu baada ya fungu bila kubadilisha sauti, mpaka akafika mahali pale.

"Sifuri nne."

"Upande gani, Mzee?"

"Kitabu hakiulizi upande."

Bi Saumu alikuwa na fomu mapajani. Kuna swali linalouliza kama kituo hujibu maswali ya ubora wa data kwa wakati. Aliweka alama ya kijani, kisha akabaki ameinamia karatasi, ingawa hakuna alichokuwa akiandika.

Siku ya nne ya vurugu, saa nane unusu mchana, laini ya nje ikakatika. Taa zote za modemu zikazima mara moja. Taarifa ya saa tisa ilikuwa tayari, vituo vyote, na hapakuwa na mahali pa kuipitisha. Nilipiga simu kwa watu wa laini, ikaita tu. Simu yetu ya mezani ilikuwa nzima, lakini kupiga nje ya nchi kulihitaji nambari ya siri, na nambari hiyo alikuwa nayo mkubwa, huko kwao. Simu yangu ya mkononi haikuwa na salio, na duka la kuuza kadi lilikuwa limefungwa siku nyingi. Kukosa saa tisa kulimaanisha shimo kwenye jaribio, na jaribio lenye shimo ni jaribio lililoanguka.

Katika jengo zima simu moja tu ilikuwa na salio na uwezo wa kupiga nje. Ilikuwa kwenye mkoba wa Bi Saumu.

Mimi na Mzee tulitazama mkoba. Bi Saumu akauvuta karibu naye.

"Mkaguzi haruhusiwi kusaidia," akasema. "Kanuni iko wazi."

"Hatukuombi usaidie," akasema Mzee Khamis. "Tunakuomba utuazime simu."

"Mnaazima nyinyi. Mimi naazimisha."

"Haya, basi, utuazimishe!"

Hata katika dakika ile ilimbidi asahihishe, na hata katika dakika ile Mzee alisahihishika. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tisa kasoro robo. Bi Saumu aliitoa simu, ndogo, yenye kifuniko cha maua. Nambari pekee ya mtu wa kazi yetu iliyokuwemo ni ya ofisini kwake, nchini kwao. Akapiga, akamwagiza aliyepokea ashike kalamu, akampa Mzee simu.

Mzee akaanza. Karani wa upande ule akasema hasikii vizuri. Mzee akapaza sauti. Karani akasema sasa anasikia, ila haelewi, hiyo ni saba au ni tisa? Mzee akasema ni saba. Karani akaandika tisa na kuisoma kwa sauti. Mzee akasema neno la Kinubi ambalo sitalitafsiri. Fungu la kwanza lilikula dakika nzima, na mafungu yalijaza kurasa.

Hapo Bi Saumu alisimama. Aliivuta ile simu kutoka mkononi mwa Mzee.

"Selemani," akamwambia karani, "ni mimi. Andika, usiulize."

Mzee akashika karatasi na kumsomea yeye, yeye akamsomea Selemani, Selemani akarudia, nami nikafuatilia kwa kidole kwenye nakala. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Kila tarakimu ilitoka nzima, imeoshwa, kana kwamba anasoma Kurani mbele ya mwalimu mkali. Jasho lilimtoka chini ya mtandio. Alipomaliza fungu la mwisho, Selemani akasema ameshaiingiza taarifa mtandaoni kutoka kwao na imetoka. Saa ilikuwa tisa na dakika chache, na muda uliokubaliwa ulikuwa haujapita.

Mzee Khamis akampigia makofi peke yake. Bi Saumu akakaa, akafuta miwani, akachukua kalamu ya bluu. Aliandika huku akitamka: "Laini ilikatika. Taarifa ilipelekwa kwa njia mbadala. Mkaguzi alishiriki."

"Hiyo ya mwisho ni lazima?" Mzee akauliza.

"Ni lazima."

"Itatuangusha."

"Huenda."

Mzee akaenda kumchemshia chai. Kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi na chai nilijichemshia mwenyewe.

Ilituangusha kweli. Bi Saumu alirudi kwao barabara ya uwanja wa ndege ilipopitika, na miezi baadaye barua ikaja kusema jaribio lile halihesabiki. Yeye alipewa onyo la maandishi. Alinipigia akanisomea lote, akicheka mpaka akakohoa. Alitumwa mkaguzi mwingine, bwana mmoja mkimya, wakati nchi ilikuwa imetulia. Hakukuta kosa, ila alidai maelezo ya maandishi kuhusu kuku aliyetajwa kwenye ripoti ya kwanza. Mzee Khamis aliandika mstari mmoja: "Kuku aliliwa." Tukaidhinishwa. Lile bamba la shaba mnalolipita mlangoni ndilo hilo.

Lakini mimi siku ninayoikumbuka si ya bamba. Ni ya Machi, baada ya wakubwa wa siasa kupeana mikono kwenye televisheni, wenzetu waliporudi kazini. Njoroge aliingia kwanza. Dada zake wawili walikuwa wamepoteza nyumba. Odhiambo akaingia nyuma yake. Shemeji yake alikuwa bado hospitalini. Zamani walikuwa wakila chakula cha mchana kutoka bakuli moja, hawa watu. Asubuhi hiyo Njoroge alikaa dirishani, Odhiambo kwenye meza ya karibu na mlango, na hapakuwa na salamu. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi.

Saa tatu ikakaribia. Mzee akainuka, akachukua karatasi za vituo akampa Njoroge, akavuta kibodi akaiweka mbele ya Odhiambo, akarudi kitini kwake.

Njoroge alikohoa. Akasoma fungu la kwanza la Lodwar.

"Rudia," akasema Odhiambo, bila kugeuka.

Njoroge akarudia.

"Rudia tena."

"Kwani we husikii?" Njoroge akapandisha sauti. Nilimwona Mzee Khamis ameshika mkono wa kiti.

"Nasikia," akasema Odhiambo, macho bado kwenye skrini. "Nilikuwa tu nimemiss hiyo sauti yako mbaya."

Njoroge akasogeza kiti chake kutoka dirishani hadi mezani, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu njia nzima, na akasoma fungu la pili.